Pardon Aliyoniomba

Kwetu Kongo, upande wa Fizi na Uvira, mtoto hajibizani na mkubwa aliyekasirika. Hata kama hana kosa. Anapiga magoti, au kama ni mtu mzima anainamisha kichwa tu, anasema, "Mama, pardon." Mkubwa anapoa, kiti kinaletwa, halafu ndipo, au kama tunavyosema sisi, njo maneno yanaanza: nini kilipotea, nani alikuwa wapi, nani aliona nini. Pardon hiyo si kukubali kosa. Ni ya kutuliza roho ya mkubwa ili watu waweze kusikilizana. Mimi mwenyewe nimeiomba mara nyingi kwa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, mwanamke aliyeweza kukukasirikia kwa sababu mvua imenyesha. Naijua vizuri sana, na ninaisema hapa mwanzoni kabisa, asije mtu akafikiri kwamba niliyoyafanya niliyafanya kwa kutojua.

Mimi ni fundi wa kushona. Nyumba yangu iko Malawi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, lakini kazi yangu ilikuwa mjini Lilongwe, mtaa wa Area 36, katika chumba cha kukodi chenye mashine nne na meza ya kukatia. Tulishona sare za shule. Siku za kazi nililala huko huko mjini, kwa mama mmoja Mmalawi aliyenikodishia kitanda, na Jumamosi nilipanda minibasi kurudi Dzaleka kwa ajili ya kanisa. Karatasi zangu za biashara zilikuwa sawa. Hata hivyo, tangu serikali itake wakimbizi warudi kambini, kila gari la polisi likipunguza mwendo mbele ya mlango, nilisimamisha mashine mpaka lipite. Nilishona nikiwa na sikio moja barabarani.

Nilikuwa na wafanyakazi watatu. Wawili walikuwa wanawake wa hapo hapo Area 36, walikuja asubuhi na kuondoka jioni. Wa tatu alikuwa binti wa Uvira, mama wa watoto wawili ambao aliwaacha kambini kwa dada yake. Yeye alilala chumba cha nyuma, na ufunguo alikuwa nao. Nilimpenda, sitadanganya. Kola zake zilikaa shingoni bila kupinda, hata mimi niliyemfundisha sikuweza kuzifikia. Mchana tulikula nsima, ule ugali wa Malawi, sahani moja. Aliniita mama, si kwa adabu tu, aliniita kama mtu anayeita mama yake.

Mkataba hatukuwa nao. Nilimwambia, "Mwanangu, kuja tufanye kazi," naye akaja, basi. Mwisho wa mwezi nilimpa mshahara wake mkononi, na siku ya mtoto kuugua nilimwachia aende. Neno mwajiri nililisikia redioni, lakini sikuwahi kufikiri ni mimi wanayemsema. Kwangu mwajiri alikuwa mtu mwenye meza kubwa na dereva. Mimi nilikuwa mama mwenye mashine nne, na mama hasomewi sheria na watoto wake. Hivyo njo nilivyofikiri, na niliona ni jambo zuri.

Wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, jora moja la kitambaa cha bluu halikuonekana. Jora zima! Nilipindua chumba chote. Nilichungulia chini ya meza, nyuma ya mashine, mpaka chini ya kitanda cha binti, yeye akiwa amesimama hapo ananiangalia. Mi ni mtu wa hasira, sifichi. Hasira yangu haipandi pole pole, inanikuta iko juu tayari. Niligeuka nikamwambia mbele ya wale wawili, "Wewe njo unalala humu. Wewe njo una ufunguo. Unataka nimuulize nani, panya?"

Wale wawili waliacha kukanyaga mashine. Halafu binti akafanya kile ambacho sisi wote tumefundishwa tangu tukiwa wadogo: akapiga magoti pale kwenye vipande vya nguo, akasema, "Mama, pardon."

Ilikuwa zamu yangu kumwambia ainuke. Ilikuwa zamu yangu kuvuta kiti na kusema, haya, tukae, tuongee. Badala yake nilichukua mkoba wangu nikatoka, na njiani nilijiambia: umeona, amekubali mwenyewe.

Sisi maneno yetu hatuyapeleki ofisini. Tunayapeleka kanisani. Jumamosi ile, Dzaleka, tulikaa kwa mzee wa kanisa letu, mtu mpole, mwalimu wa zamani kule Fizi. Binti akarudia pardon yake mbele ya mzee, akiwa ameshika mikono miwili pamoja. Mzee akasema ni vizuri kuwe na ukumbusho ili amani isivunjike tena, akachana ukurasa wa daftari, akaandika: fulani ameomba pardon kwa mama fulani kwa mambo ya jora la kitambaa. Binti akaweka sahihi bila kusoma mara mbili. Mzee naye akaweka yake, akaomba sala fupi, akavuta kiti chake karibu.

"Sasa tusikilize," akasema. "Ilikuwa namna gani?"

Mimi nilikuwa nimesimama tayari. Nilisema sina la kusikiliza. Nilisema sitafanya kazi na mtu huyu tena, na mshahara wake wa mwezi ule unabaki kwangu, ni wa jora langu. Mzee akanionyesha kiti changu.

"Mama, hatujamusikia bado."

"Pardon tumeisikia," nikamjibu. Karatasi ile niliikunja nikaitia kwenye Biblia yangu, na nikatoka nje.

Kambi ni ndogo kwa maneno. Jumapili ya pili yake wamama kanisani walikuwa wakisogeza mikoba yao binti akikaa karibu. Hakuna aliyemtukana, hapana, watu wetu wana adabu. Waliacha tu kumpelekea vitambaa, vile alivyowashonea siku zote akija kambini. Mmoja alikuwa amempa kitambaa cha pagne amshonee nguo ya harusi ya mtoto wake, akatuma mtu kwenda kuichukua kabla haijakatwa. Fundi ambaye watu wanaogopa kumwachia nguo si fundi tena, hata kama mikono yake ni ya dhahabu. Binti akaanza kuuza mandazi karibu na bomba la maji. Nilipita mbali ili nisimwone, na nilijisifu moyoni kwamba sikumpeleka polisi. Eti huruma!

Siku kumi hivi zikapita. Nilikuwa Area 36, nakata mikono ya mashati, simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa Nathenje mwenye mashine ya kudarizi nembo za shule kwenye mifuko ya mashati. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Halafu akasema, "Amayi," ndivyo wanavyoita mama huku, "mifuko yenu imeisha zamani, na lile jora lililobaki linanijazia nyumba. Mtakuja lini?"

Nikaketi chini. Yesu wangu! Nilikuwa nimelipeleka mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, mwezi uliopita, ili akate mifuko humo humo. Mvua ilikuwa inanyesha siku ile, nilikuwa na homa, nilitaka kuwahi basi. Lilikuwa limenitoka kichwani kabisa, kama halikuwahi kuwepo.

Nilikwenda Nathenje siku hiyo hiyo. Nilimshukuru yule mama, nikabeba jora langu na mifuko, nikarudi, nikaliweka chini kabisa ya mengine ili wale wawili wasilione na kuanza kuuliza. Nikapanga kwamba Jumamosi nitakwenda kwa mzee, nimwite binti, niseme yote. Jumamosi ilipofika niliona wageni wengi kwa mzee, nikasema, wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikasema, atakayenisikia atasema mama huyu ni kichaa, anasingizia watu halafu anaokota vitu vyake. Kila Jumamosi nilikuwa na sababu, na kila sababu niliiona ni nzuri.

Ndipo barua ikaja kutoka ofisi ya kazi. Wale wawili wa Area 36 hawakuwa wajinga. Mmoja wao alikuwa amempigia binti simu akamwambia: hata kama uliiba, mwezi uliofanya kazi ni wako, nenda kwa watu wa serikali. Binti akapanda gari mpaka Lilongwe, akaeleza alivyoweza, na mimi nikaitwa.

Mnajua barua ile ilinifanya nini? Ningeweza kusema iliniogopesha, na ni kweli iliniogopesha, kwa sababu mkimbizi haitwi serikalini kwa furaha. Lakini kwanza ilinikasirisha. Ananishitaki! Mimi niliyemfundisha kola, mimi niliyekula naye sahani moja! Huyu ni mtoto gani? Aibu yote niliyokuwa nayo kwa wiki zile ikapata pa kukimbilia. Nikaacha kufikiria jora, nikafikiria utovu wa adabu. Nikatoa ile karatasi ya daftari kwenye Biblia, nikaitia kwenye mkoba pamoja na karatasi za biashara.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye meza, mafaili na viti vitatu. Ofisa alikuwa kijana mwenye miwani, mwenye heshima sana, alinisalimia amayi na kunipa kiti kabla hajakaa yeye. Binti alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Aliponiona alisimama, akaja akanisalimia kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, vile tunavyowasalimia wakubwa. Nikamwitikia, nikaangalia dirisha.

Ofisa alizungumza Kichewa, lugha ya huku, pole pole, akaona binti anashika neno moja moja tu, mengine yanampita. Kiswahili yeye hakukijua. Akaniuliza kama mimi naelewa Kichewa vizuri, nikasema naelewa. Akatikisa kichwa.

"Si vizuri," akasema, "mwajiri amtafsirie mtu anayemlalamikia. Muulizeni kama anataka nitafute mtu mwingine. Tutakutana wiki ijayo, haina tatizo."

Nikamuuliza, na hilo nilimtafsiria sawasawa, neno kwa neno. Binti hakufikiri hata kidogo.

"Mwingine wa nini? Mama iko hapa. Mama anajua maneno yangu."

Nilipomwambia ofisa jibu hilo, alisita kidogo, halafu akaliandika, tukaanza.

Akanieleza mambo ambayo hakuna aliyewahi kunieleza katika miaka yote niliyolipa watu. Mtu aliyefanya kazi mwezi mzima analipwa mwezi wake, hata awe amefanya nini. Mwajiri hawezi kujikatia mwenyewe bei ya kitu kilichopotea kwenye mshahara wa mtu kwa kuwa amekasirika. Na kama ni kosa la kumtoa mtu kazini, mtu huyo anaambiwa kosa lake, anapewa nafasi ya kujitetea, anasikilizwa kwanza, halafu ndipo uamuzi. Mwenye kuonyesha kwamba kosa lilikuwepo ni mwajiri, si mfanyakazi kuonyesha kwamba halikuwepo. Alisema haya yote bila kupandisha sauti, na mimi nilimtafsiria binti, na nilipokuwa natafsiri nilikuwa naona kile kiti cha mzee kilivyovutwa karibu. Tusikilize, alisema mzee. Ilikuwa ni sheria hiyo hiyo, na yeye hakuisoma popote.

"Sasa amayi," akasema ofisa, "mlimsikiliza?"

Nikatoa karatasi ya daftari. Nikamsomea kwa Kichewa. Akaniuliza sahihi ni za nani, nikamwonyesha. Akamgeukia binti.

"Hapa panasema uliomba msamaha kwa mambo ya hilo jora. Je, ulilichukua? Jieleze. Hii ndiyo nafasi yako."

Nikamtafsiria. Binti akavuta pumzi, akakaa wima. Nilimjua, nilijua alikuwa ameyapanga maneno hayo usiku mwingi.

"Muambie yote, mama. Mi si mwizi, sikuibaka. Hata uzi sijawahi kubeba. Pardon niliomba juu mama alikuwa na hasira, na kwetu mutoto hawezi kuanza kubishana na mukubwa. Anaomba pardon kwanza, njo maneno inaanza. Muambie kwetu iko vile, yeye hawezi kujua, si mutu wa kwetu. Maneno haikuanzaka. Nilikuwa nangojea mama aniulize. Mpaka leo niko nangojea."

Akaniangalia. Ofisa naye akaniangalia, kalamu mkononi.

Ningesema tu yale yale. Yalikuwa maneno machache na Kichewa changu kiliyatosha. Lakini niliona yatakayofuata: ofisa ataniuliza, na nyinyi amayi mnasemaje, jora liko wapi? Niliona fidia, niliona mlango wa chumba changu umefungwa, niliona wale wawili wakiitwa kutoa ushahidi, wale wamama kanisani wakisogeza mikoba yao mimi nikikaa karibu. Niliogopa. Sina neno lingine zuri zaidi la kuweka hapo.

Nikamwambia ofisa, "Anasema aliomba msamaha kwa sababu mimi ni kama mama yake, na alijua nimekasirika."

Kila neno lilikuwa la kweli. Alilisema, si alilisema? Ofisa akaniuliza tena.

"Ni hayo tu? Amesema maneno mengi."

"Ni hayo tu," nikasema. "Sisi Kiswahili chetu ni kirefu."

Aliniangalia, akamwangalia binti, na binti akaitikia kwa kichwa kwa nguvu, kwa sababu alifikiri anaulizwa kama ndivyo alivyosema. Ofisa akaandika.

Akaamua kwamba mshahara wa mwezi nilipe wote, hapo hapo, na nisirudie kumkata mtu mshahara. Nilikuwa nimejua nitalipa, nilikuja na pesa. Kuhusu kuachishwa kazi, akasema kwamba kweli utaratibu wangu ulikuwa mbaya, ila kwa kuwa mfanyakazi alikiri na kuomba msamaha mbele ya mzee, na leo hakukana, basi kama pande mbili zinaridhika, faili linafungwa. Akaandika ukurasa mmoja kwa Kiingereza, akapiga muhuri, akanipa.

"Msomeeni kwa lugha yake, lote, kabla hajaweka sahihi," akasema.

Kiingereza changu si cha shule, lakini sare nimewashonea wenye shule miaka mingi, barua zao nimezisoma. Sentensi niliyoiogopa ilikuwa ya tatu kutoka juu, inasema amekiri kosa. Nilisoma ya kwanza. Nilisoma ya pili. Nikasoma ya nne. Nilimsomea kwamba mshahara wake umelipwa wote, kwamba hana deni kwangu nami sina deni kwake, kwamba maneno yameisha kwa amani. Akachukua kalamu akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, vizuri kuliko alivyoandika kwa mzee. Ofisa akatupa kila mtu nakala yake, akatushukuru, zikomo, zikomo kwambiri, akafungua mlango.

Nje kulikuwa na jua. Nilitaka kwenda upande wangu haraka, lakini binti alinifuata, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa analia kidogo na anacheka, vyote pamoja. Tangu siku ya jora sikuwa nimemwona akicheka.

"Aksanti mama," akasema. "Aksanti sana kwa kunisemea. Niliogopa, nilisema labda mama iko na kisirani na mi, hatasema yote. Pardon, mama, juu ya kufikiria vile."

Nilitazama kama minibasi inakuja.

"Sasa iko imeandikwa ku serikali, na muhuri, kwamba mi sikuibaka." Alikuwa ameibana ile karatasi kifuani. "Jumapili nitamupa muzee aisome mbele ya bamama bote. Yeye si anajua Kiingereza?"

Anajua. Alikuwa mwalimu.

Nilimwambia aikunje vizuri isichanike, na nikampa nauli ya kurudi kambini, akaipokea kwa mikono miwili. Jumapili ile sikwenda kanisani.